Mwanasoka Mkongwe Akishika Kalamu, Tusimcheke

Methali isemayo kwamba elimu ni bahari ni miongoni mwa zile ambazo sisi walimu huzitaja sana na kuziamini kidogo. Huiandika ubaoni, huwatungisha wanafunzi insha juu yake, kisha mtu mzima aliyepita umri wa miaka sitini abishapo mlangoni na kusema kuwa anataka kujifunza jambo jipya, humtazama kana kwamba amepotea njia. Nakiri kuwa mimi mwenyewe nimekuwa katika kundi hilo, na kisa nitakachokisimulia hapa si cha kujisifu.

Miaka michache iliyopita alinijia ofisini mzee mmoja mrefu, mwenye kuchechemea kidogo mguu wa kulia. Kwapani alikuwa na daftari la kawaida la wanafunzi, kona zake zimekunjika kwa kushikwashikwa. Alipojitambulisha nililijua jina lake mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, jina hilo lilitajwa redioni karibu kila wikendi, na marehemu baba yangu alikuwa akituamuru tunyamaze kila mtangazaji alipolitamka. Alikuwa winga wa timu moja kubwa ya jijini, na mabeki walimwogopa kama ukoma. Sasa winga huyo alikuwa ameketi mbele yangu, magoti yake yakigusa meza.

"Daktari," aliniambia, "nimesikia kuwa wewe ni mtu wa maneno. Nimetunga nyimbo. Sitaki unisifu. Nataka uzisome, kisha uniambie kama zina maana ama niache."

"Sawa, Mzee, niachie daftari," nilimjibu, huku nikitabasamu tabasamu lile tunalowapa wageni tunaotaka waondoke. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Huyu, nilijiambia, amezoea kushangiliwa. Sasa makelele yamekwisha, anatafuta mahali pengine pa kuyapata. Daftari lile lilikaa juu ya kabati langu majuma matatu kabla sijalifungua.

Nitarudi kwake baadaye. Kwanza ningependa tujiulize, mimi na wewe msomaji, hukumu kama ile hutoka wapi.

Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu hutega sikio kwanza kabla ya kutoa maoni. Hebu basi tuisikilize lugha tunayowatumia wanamichezo waliostaafu. Mchezaji akiacha kucheza, kurasa zetu za michezo husema kuwa "ametundika daluga." Tangu siku hiyo jina lake haliandikwi tena bila mkia: "nyota wa zamani," "mkongwe," "aliyewahi kutamba." Mwalimu akistaafu bado huitwa Mwalimu hadi anapofukiwa kaburini. Daktari naye hubaki kuwa daktari. Lakini mchezaji huwa "aliyekuwa," ilhali aghalabu hajatimiza hata miaka arobaini. Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Mwanasoka anayefika 35 akiwa bado uwanjani huhesabiwa kuwa ana bahati. Yaani tunamwita mtu wa zamani robo karne kabla ya kumwita hivyo karani wa ofisini, na mbele yake imesalia nusu nzima ya uhai wake.

Nusu hiyo jamii imeichongea njia chache. Wako walioufanya ustaafu wao uwe baraka kwa wengine. Kipchoge Keino, aliyetwaa dhahabu Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, aliwajengea watoto mayatima makao na shule Eldoret. Tegla Loroupe ameutumia umaarufu wake kuzipatanisha jamii za wafugaji. Paul Tergat aliiongoza Kamati ya Kitaifa ya Olimpiki. Wengine wamenunua mashamba, wamejenga nyumba za kupangisha, wamekuwa wakufunzi au wameingia katika siasa. Njia hizo zote tunazielewa na tunaziheshimu. Lakini mwanamichezo akisema kuwa anataka kutunga nyimbo, twacheka, maana tumejiaminisha kwamba mwenye miguu hana ulimi.

La ajabu ni kuwa Kiswahili chenyewe hakina dhana hiyo. Mpira huchezwa, na ngoma huchezwa. Mchezo ni wa kandanda, na mchezo ni wa kuigiza jukwaani. Tunapiga mpira, tunapiga chenga, tunapiga ngoma, tunapiga zeze na gitaa, kisha tunapiga vigelegele. Sidai kuwa vitenzi hivi ni ushahidi wa falsafa fulani iliyofichika; kitenzi "piga" kinabeba mizigo mingi mno, hata nguo hupigwa pasi na simu hupigwa. Ninalosema ni kwamba desturi zetu zinakubaliana na msamiati wetu. Vikundi vya beni vilivyovuma katika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 20, kama vile Kingi na Scotchi vya Mombasa, vilikuwa na mahasimu, viongozi, mavazi rasmi na mashabiki, sawasawa na timu za leo, na mashindano yao yalikuwa ya ngoma na nyimbo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilumbana kwa mashairi na mahasimu wa mji wake, na malumbano ni mashindano yenye kanuni zake. Kule Kakamega, isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, huandamana na miereka na vita vya mafahali. Mwenye kupigana miereka na mwenye kuimba walikuwa uwanja mmoja. Sisi ndio tuliojenga ukuta kati yao, mmoja tukampeleka kwa mwalimu wa michezo na mwingine kwa mwalimu wa muziki.

Hata nje ya mipaka yetu ukuta huo umevukwa mara kadha, na wale waliouvuka wana mafunzo ya kutupa. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni Pelé. Kila mwanafunzi anajua kuwa alishinda Kombe la Dunia mara tatu, mwaka 1958, 1962 na 1970. Wachache wanajua kuwa alikuwa mtunzi wa nyimbo. Mwaka 1969, mwaka ule ule aliofunga bao lake la elfu moja, alitoa santuri pamoja na Elis Regina, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Brazil, na nyimbo zilizokuwamo alizitunga yeye mwenyewe. Hata hivyo kwa miaka mingi hakuitangaza sana kazi hiyo. Alieleza baadaye kwamba hakutaka watu wamlinganishe Pelé mtunzi na Pelé mchezaji, kwani ulinganisho huo usingekuwa wa haki: soka kwake ilikuwa kipawa cha Mungu, na muziki ulikuwa wa kujifurahisha. Alicheza mechi yake ya mwisho Oktoba 1977, na kadiri alivyozeeka ndivyo haya ile ilivyopungua. Mwaka 2006 alitoa albamu ya nyimbo zake. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 75, alitoa wimbo wa kuikaribisha Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mwaka 2020, alipokuwa akitimiza miaka 80, alitoa mwingine na wapiga gitaa wawili wa Meksiko, Rodrigo y Gabriela. Alifariki Desemba 2022. Hakuna anayedai kuwa nyimbo hizo zinafikia mabao yake, wala yeye hakudai. Ninachokiona hapo ni unyenyekevu wa mtu aliyekuwa wa kwanza duniani katika jambo moja, na akakubali kuwa mtu wa kawaida katika jambo jingine alilolipenda.

Wa pili ni Yannick Noah, mtoto wa baba Mkameruni na mama Mfaransa, aliyelelewa Yaoundé na kushinda mashindano ya tenisi ya Ufaransa mwaka 1983. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuwa akiiaga tenisi, aliingia katika muziki, na wimbo wake wa mwaka 1991 wenye mahadhi ya Kiafrika ulivuma kote Ufaransa. Ametoa albamu nyingi tangu wakati huo, na mwaka 2010 aliimba katika uwanja wa Stade de France, mahali ambapo wanasoka ndio huwa wenyeji. Lakini hapa inatubidi tuwe waangalifu na maneno. Noah ni mwimbaji zaidi kuliko mtunzi, kwa maana maneno ya nyimbo zake zilizovuma sana aghalabu yalitungwa na wengine. Wanafunzi wetu huyachanganya majina haya kila siku katika mitihani na katika mazungumzo. Mtunzi ndiye anayekaa peke yake na neno lisilokubali kukaa mahali pake. Mwimbaji hulipokea neno hilo likiwa limekwisha kufugwa. Zote ni kazi za heshima, ila si kazi moja.

Wa tatu ndiye ninayetaka walimu wamfikirie zaidi. Bernie Williams, mzaliwa wa Puerto Rico, alicheza besiboli katika timu ya New York Yankees kuanzia mwaka 1991 hadi 2006, na timu hiyo ilitwaa ubingwa mara nne katika kipindi hicho. Alipiga gitaa tangu utotoni, na alisomea shule ya muziki kabla ya besiboli kumchukua. Mwaka 2003, akiwa bado mchezaji, alitoa albamu ya kwanza iliyokuwa na tungo zake mwenyewe. Ya pili, ya mwaka 2009, iliteuliwa kuwania tuzo ya Latin Grammy. Mtu mwingine angetosheka. Alikuwa na fedha, alikuwa na jina, na albamu zilikuwa sokoni. Badala yake Williams alirudi darasani. Alijiandikisha katika chuo cha Manhattan School of Music, akaketi pamoja na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe, akafanya mazoezi na mitihani kama wao, na mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 47, akapata shahada ya kwanza ya muziki. Kabla ya hapo, mwaka 2011, alikuwa ameshirikiana na wenzake wawili kuandika kitabu kuhusu uhusiano uliopo baina ya muziki na michezo.

Ninamtaja Williams kwa sababu anaijibu hoja ambayo najua baadhi ya wasomaji wanayo tayari ulimini. Wanasema: mwanamichezo maarufu akiingia katika muziki anawapokonya riziki vijana waliojifunza kazi hiyo kwa jasho, redio zitampiga kwa ajili ya jina lake, si kwa ajili ya wimbo wake, na tungo mbovu zitasifiwa kwa kuwa aliyezitunga aliwahi kufunga mabao. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Umaarufu ni mkopo mbaya. Unamfungulia mtu mlango wa studio kabla hajajua afanye nini ndani yake, na marafiki wanaomzunguka hawana ujasiri wa kumwambia kuwa wimbo haujaiva. Lakini dawa ya hilo si kumfungia mlango. Dawa ni kumtaka apitie njia wanayopitia wengine: ajifunze, akosolewe, afute, aandike upya. Na jambo hilo mwanamichezo wa kweli analijua kutuzidi sisi wasomi. Ni nani kati yetu aliyewahi kurudia tendo moja mara mia tatu kwa alasiri moja, mbele ya mkufunzi anayempigia kelele, kisha akarudi kesho yake kulirudia tena?

Narejea sasa kwa mzee wangu.

Nilipolifungua daftari hatimaye, nyimbo nane za kwanza zilinithibitishia dharau yangu. Zilikuwa nyimbo za mapenzi zenye maua, nyota na machozi, maneno ambayo yameimbwa hadi yamekuwa kama sarafu iliyofutika pande zote mbili. Wa tisa ukanisimamisha. Ulihusu ile karatasi ambayo kocha huibandika ukutani kabla ya mechi, yenye majina ya watakaocheza. Kituo chake kilisema hivi: "Karatasi yabandikwa, jina wameliruka." Nilikisoma mara tatu. Kisha, kama ilivyo ada yangu, nikachukua kalamu nyekundu nikahesabu mizani. Kipande cha kwanza nane. Kipande cha pili saba. Nikaandika pembeni: "Mizani imepungua. Rekebisha."

Alipokuja nilimwonyesha kosa lake. Aliitazama ile alama nyekundu kwa muda, kisha akaniomba ruhusa aimbe. Aliimba kwa sauti ya chini, huku mguu ule mzima ukipiga sakafu. Alipofika kwenye neno "jina" alifunga mdomo, mguu ukapiga pigo moja peke yake, ndipo akaendelea: "wameliruka."

"Hapo, Daktari," akaniambia, "ndipo unapoisoma tena ile karatasi kuanzia juu."

Sikuwa na la kusema. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kuwa mizani ni idadi ya silabi, na hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Lakini ushairi wa Kiswahili ulikuwa wimbo kabla haujawa maandishi, na katika wimbo kimya nacho kina mahali pake katika hesabu. Mzee huyu hakukijua kimya hicho kitabuni. Alikijua kwa mwili. Mtu aliyetumia miaka kumi na tano akipima hatua zake na za beki, akijua lini akimbie na lini asite ili beki apitilize, ana maarifa ya mapigo ambayo mimi na shahada zangu sina. Niliifuta ile alama nyekundu mbele yake.

Nami nilikuwa na la kumpa. Katika wimbo mwingine, uliohusu safari za timu, alikuwa ametumia neno "barabara" kwa maana ya njia. Lahani aliyoichagua iliitupa shadda kwenye silabi ya pili, na masikio ya mjuzi wa lugha yakasikia neno jingine, lile lenye maana ya sawasawa. Katika Kiswahili shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na mtunzi anayeyapuuza hayo huwafanya wasikilizaji wajikwae bila kujua walijikwaa wapi. Nilimweleza kwa kulitamka neno hilo kwa namna mbili. Alicheka sana. "Kumbe nilikuwa nimeotea," akasema, na papo hapo akalisogeza neno hadi likakaa juu ya pigo lililostahili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huhitaji mihadhara miwili kulielewa jambo hilo.

Tulikutana mara nyingi baada ya siku hiyo. Nilimwambia azitupe zile nyimbo nane za mwanzo, naye akazitupa bila kununa. Nilimwambia atunge juu ya mambo ambayo yeye anayajua na sisi hatuyajui: benchi la akiba, basi linalorudi usiku baada ya kushindwa, goti linalotabiri mvua, mtoto anayemwuliza baba ni kwa nini watu hawamwiti tena. Katika mazungumzo hayo ndipo aliponieleza jambo lililoniuma. Alipokuwa kijana shule moja ya upili ilimchukua kwa ajili ya miguu yake. Alisamehewa karo. Alisamehewa pia masomo. Wakati wenzake wakiandika insha, yeye alikuwa uwanjani. Wakati wa mitihani, mtu fulani alihakikisha kuwa anasonga mbele. "Walinipenda sana, Daktari," alisema. "Hawakunifundisha kitu." Alianza kusoma vitabu vya ushairi akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, vitabu vya mjukuu wake.

Walimu wenzangu, hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tuseme ukweli: shule kama ile hazijakwisha. Bado wako wavulana na wasichana wanaohamishwa kutoka shule hadi shule kama mali, ambao kazi yao ni kuleta kombe. Bado tunasema, kwa nia njema kabisa, "huyu ana kipaji cha kukimbia, tusimsumbue na sarufi." Huo si upendo. Miguu itachoka, goti litapasuka, na siku hiyo mtoto huyo atabaki na lugha peke yake, nayo hatukumpa.

Kalenda zetu nazo hazimsaidii. Mashindano ya michezo ya shule na Tamasha ya Muziki, ambayo ilianza nchini mwaka 1927, aghalabu huangukia msimu mmoja wa muhula wa pili. Msichana mwenye kipawa cha mpira wa wavu na sauti nzuri hulazimika kuchagua, na kwa kawaida anayemchagulia ni mwalimu mwenye sauti kubwa zaidi katika ukumbi wa walimu. Katika somo la fasihi simulizi tunawakaririsha wanafunzi aina za nyimbo: hodiya ni za kazi, wawe ni za wakulima, kimai ni za mabaharia, mbolezi ni za msiba. Wanazijua kama wanavyozijua mito na maziwa kwenye ramani. Ni mara ngapi tumemwambia mwanariadha wa darasa letu atunge hodiya ya mbio za asubuhi, yeye ambaye kazi yake ni mwili wake? Hata makurutu wa polisi hukimbia wakiimba, kwa sababu wimbo hugawa uchovu.

Mtaala wa Umilisi umetupa nafasi ambayo hatukuwa nayo. Miongoni mwa njia tatu za masomo katika shule ya upili ya juu, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 mwaka 2026, mojawapo imeziweka sanaa na sayansi ya michezo chini ya dari moja. Nachelea kuwa tutazigeuza sanaa na michezo kuwa majirani wasioamkiana, kila mmoja na mwalimu wake na chumba chake. Ingefaa mwanafunzi wa michezo apimwe pia kwa utunzi, na mwanafunzi wa muziki ajue jinsi mwili unavyoyabeba mapigo. Hilo halihitaji majengo mapya. Linahitaji walimu wawili kuketi meza moja kabla ya muhula kuanza.

Kwa vyuo vikuu, kikiwamo changu, ninalo ombi fupi. Tuwafungulie watu wazima kozi fupi za utunzi, za jioni, zisizodai vyeti ambavyo hawakupewa nafasi ya kuvipata. Manhattan ilimpokea mchezaji wa besiboli mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Sisi twaweza kumpokea winga.

Na kwa wanamichezo wenyewe, walio uwanjani na waliotoka, nina neno la manufaa. Goti halirithiwi, ila wimbo hurithiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mnaotunga, ziandikeni tungo zenu, zitieni tarehe, zisajilini kwa Bodi ya Hakimiliki kabla ya kumwimbia prodyusa yeyote, na msitie sahihi mkataba ambao hamjasomewa na mtu mnayemwamini. Wengi wenu mlidhulumiwa katika mikataba ya kandanda. Hamna haja ya kudhulumiwa mara mbili.

Mzee wangu hajawa maarufu upya, na sidhani kuwa atakuwa. Nyimbo zake hazijapigwa redioni. Lakini mwaka jana aliombwa kuimba katika mazishi ya mchezaji mwenzake wa miaka ile, mtu ambaye gazeti halikuandika kifo chake hata kwa mstari mmoja. Nilikwenda. Chini ya hema walikuwapo wazee kumi na wawili hivi waliowahi kuvaa jezi moja, baadhi wakiwa na mikongojo. Aliimba ule wimbo wa karatasi. Alipofika kwenye "jina" alinyamaza, na wale wazee wote, bila kuambiwa na mtu, wakapiga sakafu kwa mguu mara moja.

Daftari la kwanza limejaa. Juma lililopita alikuja kunionyesha la pili, na safari hii sikuliweka juu ya kabati.